Swali la Mtumbwi

Mtihani wa kuingia shule moja ya ufundi huko Ruti, Mbarara, ulifanyiwa kwenye bwalo ambalo bado lilinuka maharage ya jana. Orpa alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri, juu ya lori la matoke, kalamu mfukoni na kipande cha muhogo ndani ya kitambaa. Alimaliza hesabu, akafungua sehemu ya kupima akili.

Swali la mwisho lilikuwa la mfugaji anayetaka kuvuka mto. Ana mke, mabinti wawili, ng'ombe na ndama wake. Mbali na mpiga kasia, mtumbwi hubeba wanne tu, na ndama huhesabiwa. Ng'ombe haingii majini mpaka amwone ndama wake mtumbwini. Mtoto asiachwe ukingoni peke yake. Wavushe wote.

Orpa aliliona jibu kabla hajashusha kalamu. Mama atangulie na mabinti. Mtumbwi urudi kumchukua baba na ndama, ng'ombe afuate akiogelea. Basi. Lilikuwa swali jepesi, na wepesi wake ndio uliomfanya akae kitambo, mikono mapajani.

Mwaka ule wa vita, Orpa akiwa mtoto, walivuka mto Ruzizi kukimbilia Burundi, na mtumbwini waliingia papa, yaani baba yake, mama, Orpa na ndama. Kwao ndivyo ng'ombe anavyovushwa: unampakia ndama, mama yake anafuata. Ikirezi, dada mkubwa, aliambiwa angoje. Walipofika ng'ambo mpiga kasia alikuwa tayari kurudi. Papa alikataa, akasema bunduki ziko karibu. Orpa alikuwa ameikumbatia shingo ya ndama. Hakugeuka kutazama.

Aliandika jibu. Alipoweka nukta, maji yalianza kudondoka kwenye benchi. Ikirezi alikuwa amekaa kando yake na gauni lake la njano, mdogo vilevile kama siku ile mtoni, nywele zimelowa.

"Yaya," Orpa akanong'ona, yaani dada, maana mkubwa ni mkubwa hata akiwa hafiki begani mwako.

"Umekuwa murefu," Ikirezi akasema.

Msimamizi alikuja akakunja uso. "Nyabo, mutoto hapana ruhusa hapa. Akae inje. Na hii maji, nani atapanguza?"

Orpa akapanguza kwa kitambaa cha muhogo.

Jioni walifika nyumbani. Mama alimtazama Ikirezi, akaingia ndani, akatoka na kanga kavu. Papa, mzee Rwakabuba, alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua.

"Umefika," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Siku ile bunduki zilikuwa karibu."

"Hapana, papa. Zilikuwa mbali. Zilikuja asubuhi."

Maziwa yakaendelea kulia ndani ya chombo. Halafu papa akamgeukia Orpa. "Kule kwa mutihani uliandika nini?"

"Niliandika wewe na ndama mubaki nyuma kwanza."

"Ile ndama, tuliiuza Burundi na mama yake, ndiyo ikatufikisha hapa. Hiyo waliuliza?"

"Hawakuuliza."

"Unaona," papa akasema, akampa Ikirezi kikombe cha kwanza.

Ikirezi alikaa nao. Alichota maji, aliokota kuni, aligombana na kuku wa jirani. Jina lake halikuwa kwenye kadi ya posho, kwa hiyo mama alipunguza kila sahani kidogo. Gauni halikukauka kamwe. Mama aliacha kulianika.

Kisha habari ikaja kwamba Orpa amefaulu. Swali la mtumbwi wachache sana walilipata. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Siku ya kuripoti, papa alijaza maziwa kwenye bido, dumu la plastiki, kwa ajili ya mkuu wa shule, maana mtu haendi kushukuru mikono mitupu. Boda ikaitwa.

"Mzee, nyuma nabeba wawili," dereva akasema. "Mbele hapa, juu ya tanki, naweza kuweka mutoto. Ama hiyo bido. Si vyote."

Ikirezi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. Alitaka kuona fasi mdogo wake atasoma.

Papa akaifunga bido juu ya tanki kwa mpira, akavuta kujaribu kama imekaza. "Ikirezi ni mukubwa," akasema. "Atangoja. Tutarudi kumubeba."

Orpa aliliona jibu papo hapo, kama lilivyokuwa kwenye karatasi: mtoto mbele, maziwa yaende kesho. Lilikuwa jepesi vilevile. Papa alikuwa ameshapanda, amemwachia nafasi katikati.

Ikirezi akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, akayakunja magoti. Chini ya jiwe vumbi likaanza kuwa tope.

"Mutarudi?"

"Tutarudi, yaya."

"Sawa. Kungoja ninajua."

Orpa akapanda. Pikipiki ilipoanza kurukaruka kwenye mashimo alinyoosha mkono mbele, akaishika bido isianguke, na hakugeuka kutazama.