Vipimo Vilivyobaki Kwenye Droo

Mama Ramani, kama walivyomwita kazini, alilinda kebo mbili za mawasiliano zilizolala chini ya bahari. Leo aliomba mtandao usikatike kuliko siku zote. Saa kumi jioni mdogo wake, aliyekuwa mahututi katika hospitali ya ng'ambo, angeagana na mama yao kwa simu ya video. Daktari alishasema wazi kwamba kesho wasiitegemee.

Kebo ya kwanza ilikatika wiki iliyopita na bado ilingoja meli ya ukarabati. Nchi nzima ilikuwa inaning'inia kwenye ya pili.

Saa tisa na nusu nahodha mmoja aliita redioni. Injini imezimika, upepo unamsukuma, atie nanga wapi? Mstaarabu kama huyo ni wa kutafuta kwa tochi. Wengi hudondosha tu chuma chao popote, shauri yenu. Mama Ramani akatazama ramani, akamwelekeza kusini, mbali na kebo iliyobaki.

"Asante sana, mama," nahodha alisema.

Nanga ikashuka. Baada ya dakika sita, skrini zote zikawa nyekundu.

Hapo ndipo alipokumbuka. Kebo ile ilihamishiwa kusini miaka miwili nyuma ili kukwepa mwamba. Mafundi walimletea vipimo vipya kwenye karatasi, akavitia kwenye droo. Nitachora ramanini kesho, alisema, na kesho hiyo ikaota mvi. Hakuna wa kumsingizia.

Akaulizia meli ya ukarabati. Siku kumi na nane, wakamjibu, bahari ikikubali.

Simu ya mezani ikalia. Za humu nchini bado zilipita.

"Mwanangu, mbona mdogo wako hapatikani? Nimeshavaa gauni alilonitumia, nimekaa hapa."

"Ni mtandao, mama."

"Kumbe ni mambo ya kazini kwako! Afadhali. Mimi nilishadhani ametutoka." Mama akacheka, roho imemtulia. "Basi fanya haraka, nakuaminia."

Alitaka kumwambia ni siku kumi na nane.

"Sawa, mama."

"Sikati simu. Nakusubiri hapa hapa mpaka umalize."

Akamsikia akivuta kiti karibu, akikaa vizuri.