Joto Kwenye Gia Boksi ya Masalu

Mafundi wawili walishaipitia pikapu ya Masalu, na wote walitoa hukumu moja: gia boksi imekufa, atafute nyingine. Ndipo akaipeleka kwa Martha, mwanamke aliyejifunza ufundi kwenye malori ya pamba. Pale Bariadi watu walimwamini kwa breki na springi, lakini magari ya gia otomatiki waliyapitisha mlangoni kwake kama hawamwoni.

"Mwangaluka, mayu," Masalu alimsalimia mama fundi kwa Kisukuma. Mkewe, Milembe, alishuka upande wa pili.

"Mwangaluka. Inasumbuaje?"

"Ikiwa tupu haina neno. Nikipakia mahindi, kilomita ishirini tu taa ya joto la gia inawaka, halafu gari linakuwa zito kama linaburuta gogo."

Martha hakufungua kitu. Aliacha magunia nyuma yalivyo, akaendesha mwenyewe njia ya Kasoli. Wakati wa kurudi taa ikawaka. Injini ikiwa bado inanguruma, alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kiasi kilikuwa sawasawa. Rangi ndiyo iliyomkunja uso: badala ya wekundu ilikuwa kama kahawa, nayo ilinuka kuungua.

Moyo ulimshuka. Huenda wale wawili walisema kweli, na yeye angekuwa wa tatu kumkatisha tamaa mtu huyu. Lakini oili iliyoungua inasema gia boksi imeteseka. Haisemi imeteswa na nini.

Akaingia uvunguni, akagusa mabomba mawili: moja linapeleka oili mbele ikapoozwe, jingine linairudisha. La kwanza lilimfanya avute mkono upesi. La pili lilikuwa vuguvugu tu. Akalichomoa lile la kurudishia, akalielekeza kwenye chupa, akamwambia Masalu awashe. Oili ilitakiwa kufoka. Ikachuruzika kidogo kidogo, kama ng'ombe anayekauka maziwa.

"Kuna mahali njia imeziba," Martha alisema. "Gari hili liliwahi kugonga kitu kwa mbele?"

"Hapana," Masalu alijibu haraka.

Martha alilitazama bampa. Lilikuwa na kutu, lakini boliti zake zilikuwa mpya; kuna mtu aliyelifungua na kulirudisha. Hakubishana, alichukua spana akazifungua. Bampa liliposhuka, wote watatu waliona: bomba la mpira la oili lilikuwa limebanwa kati ya chuma na bodi, limelala bapa kama ukanda.

Masalu akakaa juu ya tairi kuukuu. "Niligonga mtamba wa ng'ombe," alisema. "Mwaka jana, jioni, kule Shishiyu. Alivunjika mguu, kesho yake wakamchinja." Akamgeukia mkewe. "Alikuwa wa baba yako."

Milembe aliegemea mlango wa pikapu. "Baba anaamini Luhaga jirani ndiye aliyemvunja kwa rungu. Tangu siku ile hawasalimiani. Na wewe tukienda kule unakaa na baba, unasikia."

"Nasikia. Niliogopa, Milembe. Kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo."

Martha alikata kile kipande kilichobanwa, akafunga kipya, akapuliza kipoozeo cha oili kwa kompresa. Kisha akafungua sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi, na hapo ndipo hofu yake ilipokuwa. Akapitisha kidole chini yake. Masizi laini kama vumbi la mkaa. Hakuna hata kipande cha chuma, alama ya gia zilizosagika. Alijikuta anacheka peke yake. Akabadilisha chujio, akajaza oili mpya.

Wakarudi njia ya Kasoli na mzigo uleule. Kilomita ishirini, thelathini; taa haikuwaka. Martha alisimamisha gari, akashika mabomba, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Umri wake umepungua kidogo, sikufichi," alimwambia Masalu. "Oili uibadilishe tena baada ya mwezi. Lakini haijafa."

Masalu alishusha pumzi. Walipofika gereji, Milembe akasema, "Shishiyu tunakwenda leo. Utasema mwenyewe, na Luhaga awepo."

Masalu akapiga simu. "Shikamoo, baba. Tuko njiani kuja. Nina neno zito. Naomba na mzee Luhaga awepo."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mzee: "Luhaga? ... Haya. Nitamwita mwenyewe."

Masalu akampa mkewe ufunguo. Milembe akakaa kwenye usukani, akaweka gia, na Martha akasimama barabarani akiisikiliza pikapu ikibadili gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini, mpaka ikapotelea upande wa Maswa, njia ya Shishiyu.