Kidole cha Shani

Restuta alijua ameharibu kabla chai yake haijapoa. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka mpakani hadi mbali huko, na yeye amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kama alivyokaa miaka kumi na mmoja, mkoba wa kwacha za Zambia mapajani, simu mbili mkononi. Ujumbe uliingia kwenye simu moja, neno moja tu: "Haijafika."

Alipiga picha ya muamala akaituma. Pale ilipoandikwa kwamba fedha imekwenda, palikuwa na alama ya kijani, na alama ya kijani ni ya kweli, haidanganyi mtu. Akangoja. Ikaja sauti iliyorekodiwa ya mwanaume, ya upole, Kiswahili chake huwezi kukijua ni cha wapi.

"Dada, tazama katikati."

Hapo inabidi nieleze, maana asiye wa Tunduma atamwona Restuta mjinga, na mjinga hakuwa. Wabadilisha fedha wa barabarani wana kawaida yao. Bunda likitoka kwa mtu unayemwamini, halihesabiwi. Unatazama noti ya juu, unatazama noti ya chini, unapapasa unene kwa dole gumba, basi, unatia mkobani. Wenyewe wanaita kutazama kichwa na mkia. Kuhesabu katikati ni kumwita mwenzio mwizi, na nimeona wanawake waliozikiana wazazi wakikosana mwaka mzima kwa sababu mmoja alihesabu. Restuta alikuwa hodari wa kichwa na mkia. Wazambia walivuka kutoka Nakonde kumtafuta yeye, "mama Restuta mukwai" kwa heshima ya Kibemba, wakiruka wengine kumi.

Ndivyo alivyoituma hela ya Jumanne. Ila haikuwa kwacha, wala haikuwa noti.

Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imekaza. Kubadilisha fedha ni kwa leseni, bei za dola marufuku, na katika msako mmoja Restuta alipoteza mtaji wote na kulala mahabusu siku mbili. Alipotoka, kila alipoona kofia ya askari alivuka barabara. Basi shoga yake Violet, aliyekaa kiti cha pili kutoka chake, alipomwambia kuna dola ambazo hakuna askari anayeweza kuzikamata kwa mkono, alisikiliza kwa masikio yote mawili. Dola za mtandao. Kazi yenyewe nyepesi: shilingi zinaingia kwenye laini zako kutoka kwa watu usiowajua, wa Kigoma, wa Singida, wa popote, wewe unazigeuza kuwa dola za mtandao, unazituma kwenye anwani uliyopewa, unabaki na asilimia moja. Mwenye kazi hana jina. Kwenye WhatsApp anajiita Jirani, na picha yake ni birika la chai.

Anwani hiyo ni mstari wa herufi na tarakimu thelathini na nne, hausomeki, utadhani mtoto amechezea simu. Restuta aliukagua kwa namna aliyoijua. Herufi nne za mwanzo, nne za mwisho. Kichwa na mkia. Miezi mitano hakukosea hata mara moja.

Sasa kuna matapeli huko duniani, wasiojua hata Tunduma iko upande gani, kazi yao ni kuvizia njia za fedha hizo. Mmoja alitengeneza anwani yake mwenyewe yenye kichwa kilekile na mkia uleule, akamtumia Restuta senti chache Jumatatu, ili anwani hiyo ikae juu kabisa kwenye orodha yake ya miamala. Jumanne Restuta aliigusa, akainakili, akatazama kichwa, akatazama mkia, akatuma. Dola elfu kumi na nane. Na dola hizo zikishakwenda hakuna benki ya kupigia, hakuna meneja wa kumlilia.

Alitazama katikati. Herufi za katikati zilikuwa nyingine kabisa.

"Shoga, nimekwisha," alimwambia Violet.

Violet aliichukua simu, akasoma, akairudisha polepole. Huyu ndiye aliyemshikia Restuta mkoba kila alipoinuka, ndiye ambaye Shani, binti wa Restuta, alimwita mama mkubwa tangu ajue kusema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Resti, mimi ndiye niliyekudhamini kwao. Wakikukosa wewe wanakuja kwangu."

"Ni akina nani?"

"Unaniuliza mimi? Najua birika tu, kama wewe."

Msomaji utasema, si angekwenda polisi? Ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwako. Kwenda polisi ni kwenda kusema nimefanya miezi mitano kazi mliyoikataza, kwa fedha za watu nisiowajua, naombeni mnisaidie nisiuawe na watu nisiowajua. Restuta alifika hadi kwenye kona ya kituo Jumanne hiyo hiyo. Akaona kofia langoni. Akageuza.

Jumatano asubuhi Jirani alimtumia picha. Mlango wa bluu, ndoo ya maji, kandambili za pinki mlangoni. Ilikuwa nyumba yake mwenyewe, kule kata ya Mpemba, na kandambili zilikuwa za Shani. Picha ilipigwa kwa karibu; mpigaji angetaka angeziokota. Palepale ujumbe wa sauti ukafuata.

"Mama Shani, usiogope. Hela imekwenda, hatukudai. Ila laini zako zimechoka, zimeanza kufungiwa. Sheria ya nchi yenu ni kidole kimoja, laini moja kwa kila mtandao. Una binti ametimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita. Kitambulisho anacho. Ijumaa asajili laini tatu, yaishe."

Hakutukana, hakutisha, na hilo ndilo lililomtisha Restuta kuliko lolote. Mtu akikutukana unajua amekasirika, hasira itapoa. Huyu alisema kama mtu anayeagiza sukari dukani.

Shani alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyeachiwa na marehemu mumewe Osea akiwa mgongoni. Alikuwa anangoja kuitwa chuo cha uuguzi. Sare alishaipima kwa fundi hata kabla ya barua kuja. Restuta alielewa vizuri anachoombwa. Laini iliyosajiliwa kwa kidole chako ni wewe. Fedha zote zinazopita humo zina jina lako, na mitandao yote, mabenki yote, serikali yote wataliona jina hilo mpaka uzeeke. Yeye alishaliuza lake. La Shani lilikuwa safi, halijawahi hata kukopa vocha.

Siku mbili hakwenda kwenye kiti chake. Kila bodaboda iliyopunguza mwendo karibu na nyumba ilimshtua moyo. Alimkataza Shani kukaa barazani bila kumwambia sababu, akamfokea alipouliza, kisha akajifungia chooni akalia kwa kuona alivyomfokea. Alijipangia: Ijumaa alfajiri amchukue binti ampeleke kwa bibi yake Mbozi, kule kwenye kahawa, simu aache. Kwa nini si Alhamisi? Hata yeye baadaye alijiuliza hivyo. Alhamisi alikuwa anaogopa kutoka nje. Ndiyo jibu lenyewe, hana jingine.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alianza kukunja nguo za Shani kwenye begi. Binti aliamka, akasimama mlangoni na kanga.

"Shikamoo mama. Kwani nasafiri?"

"Marahaba. Unakwenda kwa bibi. Vaa upesi."

"Leo? Lakini mama mkubwa amesema nisikae mbali na simu."

Mikono ya Restuta ilisimama ndani ya begi.

"Mama mkubwa yupi?"

"Mama mkubwa Violet si huyo huyo mmoja? Alinifuata jana mchana ulipokuwa umelala. Alisema umemtuma, kwamba unaumwa, nikamsaidie kusajili laini pale stendi kwenye mwavuli wa wakala. Nikaweka kidole, laini tatu. Mbili amechukua, moja amesema nikae nayo, hela ikiingia nikupe wewe." Akatazama uso wa mama yake. "Kwani hukumtuma?"

Restuta alikaa chini sakafuni kama mzigo ulioachiwa. Alimpigia Violet. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, akapiga tena, huku akijua. Alitaka kumchukia, akashindwa hata hilo; aliona kabisa jinsi Violet naye alivyoletewa picha ya mlango wake.

Wakati bado yuko sakafuni simu ya Shani ililia mlio wa ujumbe. Binti aliitazama, akaruka kwa furaha, kanga ikamdondoka begani.

"Mama! Imeingia kweli! Milioni tatu na laki nane! Kashinje Luhende, ndiye nani huyo?"

Restuta hakumjua Kashinje Luhende, na alimjua vizuri mno. Mwezi mmoja nyuma mama mmoja mzee alimpigia kwenye laini yake, akamuuliza kwa unyenyekevu mkopo wake unatoka lini, mbona ada ameshatuma. Restuta alimwambia amekosea namba, akakata. Kisha akajiambia kweli amekosea namba. Tuseme ukweli: alijua tangu siku ile hela zile ni za watu wanaotapeliwa, akaendelea kula asilimia yake. Sasa huyu Kashinje, kwa jina lake la Kisukuma ni mfugaji. Labda yuko kule bonde la Rukwa, Ivuna au jirani na huko, ameuza ng'ombe kwa kuahidiwa faida. Leo atangoja. Kesho atangoja. Kesho kutwa atakwenda polisi, naye atakuwa na jina moja tu la kutoa, lililotokea kwenye simu yake alipotuma: Shani Osea Simbeye.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alijua la kufanya. Ilikuwa lazima afike kituoni kabla ya Kashinje.

"Vaa viatu," alisema.

Njiani kwenye bajaji alimweleza binti nusu ya habari, na nusu hiyo ilitosha kumfanya Shani anyamaze na kumshika mkono kama alipokuwa mdogo. Restuta aliandika namba ya laini ile kiganjani mwake kwa kalamu. Mpango wake ulikuwa huu: ataingia peke yake, ataitaja laini hiyo pamoja na zake, atasema zote ni zake. Simu ibaki na binti nje. Aliona simu ikiingia ndani, basi na Shani ameingia.

"Kaa kwenye benchi hilo. Usiongee na mtu," alimwambia. Langoni palikuwa na kofia ya askari, safari hii akaipita.

Kwenye kaunta alikuwepo askari wa kike, Koplo Gwantwa, mtu wa makamo, kitabu kikubwa mbele yake. Restuta alisalimia, na kabla woga haujamrudisha akasema, "Afande, nimekuja kujishtaki."

Alisema yote. Jirani, birika, anwani, kichwa na mkia, mama mzee wa ada, kila kitu isipokuwa kimoja. Gwantwa hakumkaripia. Aliandika, akauliza tarehe, akampa hata maji ya chupa. Restuta alijiona akifungwa, na akaona anaweza. Miaka mitano, saba, angekaa. Shani angekuwa muuguzi.

"Namba za laini, mama."

Alitaja zake tatu, kisha akasoma ya kiganjani.

"Zote ulisajili wewe?"

"Zote mimi. Kwa kidole changu. Hakuna mwingine yeyote kwenye jambo hili."

Gwantwa alichukua simu yake ya mkononi. Akafanya kile ambacho kila mtu nchini anajua kukifanya, akaingiza namba kana kwamba anatuma elfu moja, akasubiri jina. La kwanza, Restuta. La pili na la tatu, Restuta. La nne alilitazama muda mrefu kidogo.

"Hii si yako."

"Ni yangu, afande."

"Mama, mimi sikatai unayosema. Lakini hao wa birika hawana jina. Mwenye ile anwani hana jina. Hapa nina majina mawili tu ya kuandika, lako na hili, na hili limesajiliwa jana." Alisema bila ubaya, kalamu tayari mkononi. "Shani Osea Simbeye ni nani yako?"

"Simjui."

Lilimtoka lenyewe. Koplo Gwantwa alishusha kalamu, na hapo simu iliita nje, karibu kabisa, chini ya dirisha. Iliita mara tatu. Kisha ikapokelewa, na sauti ya binti aliyelelewa vizuri, asiyeweza kumkatia mtu mzima simu, ikaingia ndani waziwazi.

"Shikamoo baba. Ndiyo, hujakosea, hela yako imeingia. Ni mimi mwenyewe, Shani."