Kiwingu Kilichovuka Mbali

Mama Miwani alikuwa fundi wa miwani, na Jumapili alifundisha watoto kanisani. Ulimwengu una miaka elfu sita, alisema, na mwenye kubisha akabishane na Mungu. Akabisha binti yake mwenyewe, mwalimu wa sayansi, tena mbele ya watoto wote. Mama akamnunia miezi saba, na madirisha yao yanatazamana, barabara moja tu katikati! Alimkumbuka mno. Lakini aliogopa: akipatana na binti, si atakuwa amemkana Mungu?

Ndipo darubini ya shule ikaanguka, lenzi ikachomoka. Fundi mwingine hakuwapo. Binti akavuka barabara, akaiweka kwenye kaunta ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kaiangusha?"

"Wanafunzi."

"Si ajabu, kwa mwalimu waliye naye."

Binti akakaa kwenye benchi la wateja. Mama akaisafisha lenzi, akaipachika, akakaza skrubu. Kazi ikaisha jua likizama, lakini hakumkabidhi. Dukani kwake hakitoki kitu kabla hajachungulia mwenyewe. Miwani huipima kwa herufi za ukutani. Hii ilitaka nyota. Wakatoka uani, wakangoja giza.

Binti akailenga. "Tazama hapo."

Mama akafumba jicho moja. Akaona kiwingu cheupe, chepesi kama pumzi kwenye kioo.

"Nini hiki?"

"Nyota, mama. Nyingi hazihesabiki."

"Mwanga wake umetoka lini?"

Binti alisita. Swali hilo ndilo lililowafarakanisha. "Miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Siwezi kukudanganya."

Mama hakuinua kichwa. Alijisikia mdogo, na ajabu ni kwamba hakuogopa. Mungu hakuwa amepungua hata kidogo. Pengine yeye ndiye aliyekuwa akimpimia Mungu kwa rula ya dukani.

"Hiyo miaka yako bado tutabishana," alisema. "Lakini mwanga umetoka huko kote mpaka umenifikia hapa uani. Na mimi miezi saba nimeshindwa kuvuka barabara."

Binti akaanza kulia.

"Usiilowanishe lenzi, nimeisafisha sasa hivi," mama akafoka, huku naye akijifuta macho kwa kitambaa cha miwani. "Jumapili jioni uje nayo kanisani, mwanangu. Giza likiingia, watoto wachungulie. Maswali yao utajibu wewe, nami nitajibu, tuone nani ataishiwa kwanza."