Kiganja cha Dagaa

Merina alipopata kazi Dodoma, vyombo aliwagawia majirani zake pale Katonga. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha: Sinia.

Sinia ni taa, samaki bapa wa mviringo, mwenye madoa na mkia wenye mwiba wa sumu. Si wa ziwa letu. Marehemu baba yake Merina, aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo, aliletewa kutoka nchi za mbali, mdogo kama kisahani. Alipokufa akamwachia binti. Mimi, kibarua wa nyumba ile, ndiye niliyesafisha tangi lake miaka tisa. Shule sikufika mbali, lakini yule samaki alinijua. Nikiingia anakuja juu, anapiga maji kwa mapezi kama mtoto anayedai uji.

"Baba Elia," Merina aliniambia siku mbili kabla ya safari, "kuanzia leo Sinia asile kitu. Akila atachafua maji njiani, na maji hayo ndiyo pumzi yake."

Mara ya mwisho kuambiwa hivyo ilikuwa miaka sita nyuma, kwa daktari. Honorata, mke wangu, alikuwa anapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa. Asile, wakasema. Akaniomba uji, nikamnyima. Gari la wagonjwa likaja limechelewa, mtungi wa hewa mtupu, wakubwa waliolituma wako semina wanakunywa soda. Alifia njiani, kabla ya Uvinza, na njaa yake. "Nipe hata kijiko, Feliksi." Ndiyo maneno aliyoniachia.

Kwetu Ujiji hata mtu aliyekuudhi humwachi atoke mlangoni kwenda safari hajala. Basi jioni ya mwisho, Merina akiwa mtaa wa Mwanga kuaga watu, Sinia alikuja juu akanitazama. Nikampa kiganja cha dagaa. Akamaliza wote. Moyo wangu ukatulia.

Asubuhi tuliuvisha ule mwiba kipande cha mpira wa maji. Tukamhamisha kwa karai, na maji yake humo humo, maana wavu hunasa mwiba. Tukamlaza kwenye boksi pana la plastiki, juu ya godoro, nyuma ya pikapu. Pampu ya betri ikapuliza mapovu. Pembeni tulipanga madumu sita ya maji safi ya akiba. Merina akaendesha. Mimi nikakaa nyuma chini ya turubai, kazi yangu kutazama vitundu viwili nyuma ya macho ya Sinia, ndivyo anavyopumulia.

Tulipopita Uvinza maji yakaanza kuwa na ukungu. Mbele kidogo yakatoa povu na harufu. Vile vitundu vikawa vinafunguka na kujifunga haraka haraka. Nikagonga kioo.

Merina akasimamisha gari, akaruka chini. "Nini, baba?"

"Pampu hiyo. Wakubwa wanaruhusu takataka ziingie nchini, mradi wao wameshiba. Na barabara yao hii..."

"Acha wakubwa kidogo, nishikie kifuniko." Akachukua bisibisi. "Sinia, mama, subiri. Marehemu baba aliniachia wewe tu."

Skrubu za pampu zilikuwa nne. Akatoa ya kwanza. Akatoa ya pili. Kingo za mwili wa Sinia zikaanza kujikunja kwenda juu, na Merina aliwahi kuniambia kwamba taa akijikunja hivyo anaaga dunia. Pampu ilikuwa nzima. Nilijua ni nzima.

"Iache," nikasema. "Ni maji. Nilimlisha jana."

"Nini?"

"Dagaa. Kiganja."

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema asile."

Akashika kopo akachota maji machafu, mimi nikamimina ya akiba taratibu, pembeni ya boksi, asishtuke. Madumu yote sita. Kisha tukangoja tumepiga magoti juu ya chuma cha moto. Kingo zikashuka kidogo kidogo, kama kanga inayolowa.

"Kwa nini, baba?" akauliza sasa.

Nikamwambia habari ya uji. Hakuwahi kuisikia. Ya mtungi anaijua, hiyo naisema kila kijiwe.

Merina akaweka kopo chini. "Walimkataza ili asije akatapika amelala kwenye meza ya upasuaji, akapaliwa. Hapo hawakukosea, baba. Na wewe kumnyima hukukosea."

"Na mtungi?"

"Mtungi walikosea. Walikosea sana."

Akamenya ndizi, akaikata, akanipa nusu. "Wewe kula. Wewe huna boksi la kuchafua."

Nikacheka na ndizi mdomoni, kisha kicheko kikageuka, nikajifunika turubai.

Dodoma tulifika kesho yake, Sinia mzima. Merina akaniambia asile mpaka azoee tangi jipya, siku mbili. Siku ya kwanza hakutoka chini. Ya pili akaja juu, akapiga maji kwa mapezi. Mfukoni nilikuwa na dagaa.

"Bado, mama," nikamwambia. "Kesho."

Nikavuta kigoda nikakaa naye, mpaka aliposhuka mwenyewe.