Tembo Mwenye Miguu ya Ng'ombe

Fundi Brashi alikuwa na siri, na siri yenyewe aliichora ukutani mwenyewe, mchana kweupe, kila mtu akaiona.

Kazi yake ilikuwa mabango. Vinyozi, gereji, maduka ya dawa, wote aliwachorea, lakini kilichompa jina ni ng'ombe. Kwa miaka kumi na minne alichora ng'ombe wa mabucha, mpaka mji mzima ukakosa bucha lisilo na ng'ombe wake, mnene, anatabasamu, utadhani hajui kinachoendelea mle ndani. Basi mwalimu mkuu wa chekechea alipomwomba amchoree wanyama wa porini ukutani, Brashi hata hakuuliza mara mbili. Akachora twiga, akachora simba, na katikati, mkubwa kuliko wote, akamweka tembo.

Sasa, tembo wa kweli alikuwa hajamwona tangu azaliwe. Alichokuwa nacho ni picha ya kalenda ya zamani, na upande wa chini panya walikuwa wameshaula. Tembo wa kalenda aliishia tumboni. Miguu ikabidi itoke kichwani mwa Brashi, na kichwani mwa Brashi, jamani, kulikuwa na miguu ya aina moja tu.

Mkewe, muuguzi mwenye macho makali, alipopita pale shuleni alisimama akainamisha shingo. "Baba watoto, huyu tembo huku nyuma mbona kama anasubiri kukamuliwa?"

"Wewe shughulika na sindano zako," Brashi akajibu, na mambo yangeishia hapo kama si binti yake.

Huyu binti, wa miaka sita, nyumbani walimwita Bi Maswali. Siku ile ile alimuuliza, "Baba, tembo ulimwona wapi?" Kulikuwa na ubaya gani kusema kwenye kalenda? Lakini mtoto alikuwa amemtazama kwa macho yale, na Brashi ulimi ukamponyoka. "Porini," akasema. "Nilisimama naye hivi, kama kutoka hapa hadi pale mlangoni." Na akishaanza kupiga chuku huyo hana breki. Tembo akapumua, tembo akamtazama, tembo akapita zake. Kesho yake darasa zima likawa na habari.

Ikapita miezi. Halafu mtoto wa mwenye duka la dawa akarudi kutoka likizo, amepelekwa hifadhini, akasimama mbele ya ule ukuta na kutangaza kwamba yule si tembo. Bi Maswali alirudi nyumbani kola imechanika.

"Nimewaambia baba yangu amemwona kwa macho yake," alisema huku anavuta kamasi. "Twende, baba. Twende nikahakikishe."

Likizo ya muuguzi ilikuwa imeshafika, na shemeji mtu, kaka wa mkewe, akawaazima gari na hema. Brashi hakuwa na pa kutokea. Bi Maswali akachukua daftari lake, akaenda ukutani, akamnakili yule tembo mstari kwa mstari, miguu na vyote, apate cha kulinganishia.

Kwa hiyo mjue kwamba kati ya watu wote waliokuwa ndani ya hifadhi ile, mmoja tu aliomba usiku na mchana tembo asitokee. Siku ya kwanza walipigana na hema kwa saa nzima, wakalisimamisha nje ndani, wakalishusha, wakalisimamisha tena. Waliona twiga, na Brashi akashusha pumzi, maana twiga wake alikuwa ametoka sawa. Waliona nyati, pundamilia na ngiri wanaokimbia mikia juu. Kifurushi, kitinda mimba wao wa miaka mitatu, kila alichokiona alikiita mbwa. Twiga, mbwa. Nyati, mbwa mkubwa. Askari wa hifadhi, dada mrefu mwenye kofia, naye aliponea chupuchupu.

Siku ya pili askari aliwaonyesha kinyesi cha tembo, bado kinafuka mvuke. "Wamepita sasa hivi tu. Mmewakosa kidogo."

"Aa, pole yetu," akasema Brashi, na uso uling'aa kama wa mtu aliyeokota kitu.

Mkewe alimvuta pembeni. "Mwambie mtoto mwenyewe. Usingoje aje kuambiwa na tembo."

"Kesho tunaondoka. Acha tu yapite."

"Anakuamini wewe kuliko anavyoniamini mimi ninayemchana nywele. Hilo ndilo unalotaka kulipoteza?"

Brashi akageukia hema, akakaza kamba iliyokuwa imeshakazwa. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha. Watu wazima wangemcheka na yeye angecheka nao. Lakini yule mtoto alikuwa amepigana kwa ajili yake.

Asubuhi ya tatu, jua halijachomoza bado, kumeshakuwa kweupe, Brashi alichukua birika kwenda kuteka maji ya chai. Bi Maswali akamfuata, daftari kwapani. Tangi la maji la kambi lilikuwa hatua kama thelathini kutoka kwenye hema, kando ya vichaka. Brashi alifungua bomba, birika likaanza kujaa, na alipoinua macho kulikuwa na ukuta mahali ambapo hapakuwa na ukuta.

Ukuta ulipumua.

Hakusikia hatua. Hakusikia tawi likivunjika. Mnyama mkubwa kama nyumba alikuwa amefika akasimama upande wa pili wa tangi, na ardhi haikusema lolote. Mahali fulani nyuma yao askari alinong'ona, "Msitikisike. Tulieni hivyo hivyo." Brashi alimvuta mwanawe ubavuni. Birika lilikuwa limejaa na maji yanamwagikia viatuni, wala hakuwa na habari nalo.

Weee! Hakuwa wa rangi ile ya kijivu aliyompaka yule wa ukutani, rangi iliyobaki kutoka bango la gereji. Alikuwa na rangi ya udongo, udongo uliopasuka na kukauka na kupasuka tena, na ndani ya kila ufa kulikuwa na nyufa nyingine ndogo. Masikio yalikuwa na matundu pembezoni, na mishipa ilijichora juu yake. Kope zake zilikuwa ndefu, nyingi, za kuonea haya. Kisha mkonga ukapanda, ukapapasa mfuniko wa tangi, ukaushika kwa ile ncha yake, ukaufungua, ukauweka chini kwenye majani taratibu, kama mama anavyoweka mfuniko wa sufuria asiamshe mtoto. Akanywa. Kutoka tumboni mwake ulitoka mngurumo ambao Brashi hakuusikia kwa masikio, aliusikia kifuani, kwenye mbavu, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaita. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na hakujua kwamba duniani mna kitu kama hiki.

Kwenye dirisha la wavu la hema zilionekana nyuso mbili, ya mkewe na ya Kifurushi. Kifurushi alikuwa amefungua mdomo. Hakusema mbwa. Hakusema kitu.

Tembo aligeuza kichwa. Jicho la kahawia likawatazama, baba na mtoto, likakaa nao kidogo. Kisha akageuka kuondoka, na hapo ndipo miguu ya nyuma ilipoonekana yote. Magoti yalikuwa chini, yanakunjika kwa mbele kama ya binadamu, na ngozi imelegea juu yake kama suruali ya babu. Akapita zake kichakani. Hakuacha sauti, aliacha tu majani yanayotikisika.

Bi Maswali alifungua daftari. Akatazama mchoro. Akatazama kichaka. Akatazama mchoro tena.

"Baba," akasema polepole, "yule tembo magoti yake yamekosewa."

Loh! Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu ndiyo, yule ni wa aina nyingine, na mtoto angelibeba hilo mpaka shuleni akalipigania. Brashi alipiga magoti kwenye matope.

"Hajakosewa yeye. Nimekosea mimi. Mwanangu, baba alikudanganya. Sikuwahi kumwona tembo. Nilimchora nusu kutoka kwenye kalenda, na nusu ni ng'ombe."

Mtoto alifunga daftari. Uso ukamwiva, na Brashi akajua kwamba amempoteza. "Nilipigana!" akapiga kelele. "Nilipigana na nilikuwa muongo!"

"Muongo ni mimi. Wewe uliniamini tu."

Mtoto alimpa mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu, mikono kifuani, anatazama mahali tembo alipoingilia. Brashi hakumgusa. Hatimaye akauliza bila kugeuka, "Kwa hiyo huyu ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa."

"Hata mimi." Akafikiri. "Ulilia."

"Nililia."

"Mimi nilijikojolea kidogo," akasema Bi Maswali, akageuka, akampa mkono.

Jumatatu, Brashi alikwenda chekechea na ndoo ya chokaa amfute yule tembo. Bi Maswali akasimama mbele ya ukuta. "Huyu mwache," akasema. "Huyu ni wa kabla hatujaona. Mchore yule wetu ukuta wa pili."

Brashi alikoroga rangi siku nzima mpaka akaipata ile ya udongo. Alipoanza kupima ukutani ukubwa ule ule aliouona, alishika kichwa, kisha akacheka peke yake. Alichora siku tatu, unyayo kwanza, kucha, kisha juu, na juu, na ufa ndani ya ufa. Alipanda ngazi mpaka kipara kikagusa bati.

Alipomaliza, watoto wote waliitwa nje. Ukutani, kutoka chini hadi kwenye paa, ulisimama mguu mmoja wa nyuma, goti lake chini, umekunjika kwa mbele. Basi, ni huo tu. Watoto waliinua shingo. Mtoto wa mwenye duka la dawa alisogea, akaweka kiganja juu ya ukucha, akakuta kiganja ni kidogo.

"Ndiye," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Bi Maswali. "Lakini mwingine wote yuko wapi?"

Bi Maswali alimtazama baba yake aliyekuwa juu ya ngazi, rangi mpaka kwenye nyusi.

"Hakuenea," akasema.