Wale Ambao Hawakuulizwa

Mkwe wangu Makokha alikuja kwangu Saboti siku ya Ijumaa pamoja na mke wake Phelista, ambaye ndiye binti yangu wa mwisho, na mtoto wao Mukhisa, mchanga bado wa kubebwa. Kesho yake alikuwa afanye mtihani wa kazi mjini Kitale, na kama angetoka kwao Kanduyi asubuhi hiyo angechelewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusimamia vijana wanaozunguka vijijini wakiwauliza wakulima maoni yao. Mtihani wa namna hiyo alikuwa ameshaanguka mara mbili kwingine. Phelista aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba akianguka tena ataenda Uarabuni kulinda majengo. Mkataba ni miaka miwili bila kurudi.

Mimi ni mjane. Najua nyumba inavyokuwa mtu mmoja akiondoka. Niliendelea kuchambua maharagwe, na moyoni nikasema, Baba, unaona.

Sasa, kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawaketi wakatazamana, wala hawasemeshani ovyo. Kanisani wako wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mimi nimeokoka tangu nikiwa msichana na bado nayashika, kwa sababu sijaona dhambi katika heshima. Kwa hivyo Makokha aliketi barazani, kiti kikiangalia barabara. Mimi nilikuwa jikoni nimempakata mtoto, mlango wazi nusu. Phelista akakaa pale mlangoni, katikati yetu, na karatasi za maswali ya mazoezi. Yalikuwa ya Kiingereza, lakini yeye aliyasoma kwa Kiswahili, nafikiri ili na mimi nisikie.

"Sikia hili, Baba Mukhisa. Redio moja iliwaomba wasikilizaji wapige simu, waseme kama wanakipenda kipindi cha asubuhi. Watu elfu mbili wakapiga, karibu wote wakasema wanakipenda. Redio ikasema kaunti nzima inakipenda. Kasoro iko wapi?"

"Watu ni wachache."

"Elfu mbili ni wachache?"

"Kaunti iko na watu wangapi? Weka hiyo."

"Umekosa. Kwako kila kitu ni kichache, hata chapati za jana."

"Za jana zilikuwa chache kweli."

Phelista akageuza karatasi. "Haya. Watu elfu kumi waliokuja uwanjani kutazama mpira waliulizwa kama pesa za mji zijenge uwanja wa pili. Wengi wakasema ndiyo. Ikasemwa wakaaji wa mji wanataka uwanja."

"Hapo hakuna kasoro. Elfu kumi ni wengi, bana."

"Umekosa tena."

Nilisikia Makokha akisugua uso kwa mikono. "Hii mitihani ni ya kutega watu tu," akasema. "Afadhali nianze kufuatilia pasipoti mapema."

Phelista aliinamisha kichwa asionekane macho. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikamwona.

Kulikuwa na jambo lililonisumbua tangu Jumapili, na yale maswali yalinikumbusha. Nikamwinua Mukhisa nikamsemesha yeye, kama tufanyavyo tukitaka mkwe asikie.

"Mukhisa, mwambie baba yako anisaidie. Sisi kina mama wa kanisa tunakutana Alhamisi. Mwenyekiti wetu Chesang alituuliza kama siku hiyo inatufaa, na mikono yote ikapanda. Niliiona mwenyewe. Jumapili, mwenzetu mmoja, Mwihaki, akaniambia Alhamisi haimfai hata kidogo, na kwamba wako wengine kama yeye. Sasa hao wengine walikuwa wapi? Chesang si mwongo. Mwihaki naye si mwongo."

"Mukhisa," akasema Makokha, "muulize kukhu, nyanya yako, huyo Mwihaki Alhamisi huwa wapi?"

"Mwambie baba yako, huwa sokoni Kitale akiuza viazi. Hajawahi kuja Alhamisi."

"Na mwenyekiti aliuliza siku gani?"

"Alhamisi. Ndani ya mkutano."

Kiti kikalia. Nilijua amesimama.

"Mama Mukhisa, soma tena lile la uwanja."

Phelista akasoma tena.

"Waliuliza wapenda mpira," akasema Makokha. "Hata wangekuwa laki moja. Asiyetaka mpira hakuja, kwa hivyo hakuulizwa. Na ile redio, aliyezima redio yake atapigaje simu? Nilikuwa nahesabu watu tu. Sikuwa naangalia wametolewa wapi."

"Sasa umepata," Phelista akasema.

Na mimi nilifurahi, nikaenda mbele zaidi. "Mukhisa, mwambie baba yako, kumbe mtu akitaka ukweli lazima aulize kila mtu."

Akacheka. "Mwambie kukhu hapana. Mnunuzi wa mahindi akija hapa, huwa anamwaga gunia lote?"

"Mwambie hamwagi. Anadunga gunia kwa bambo, kile chuma chake chenye ncha, punje zinaingia kwenye ule mfereji wake, anaziangalia kiganjani."

"Basi hivyo. Punje chache zinatosha, lakini adunge juu, katikati na chini. Akidunga juu pekee, aliyeficha mahindi yaliyooza chini amemshinda."

"Mwambie baba yako magunia yangu hayana kilichooza chini."

"Mwambie kukhu sikutaja mtu."

"Na huyu mtoto mnayemtuma amelala," Phelista akasema. Nikamtazama, kweli alikuwa amelala, mdomo wazi. Tulicheka sote watatu, kila mtu akiangalia upande wake.

Waliendelea na maswali hadi ng'ombe wakarudi. Mengine bado alikosa. Jumamosi alipotoka kwenda Kitale nilikuwa nimeshamwombea, nikamwombea tena. Jioni alirudi amechoka. Phelista akaniambia lilikuwepo swali la duka lililouliza wateja wake tu, na jingine la hospitali, na kasoro ya yote mawili ameiona. Kuhusu hesabu hakuwa na hakika.

Jumapili nilimwendea Chesang, nikamwomba aulize upya mbele ya kanisa lote. "Si tulishauliza, mama?" akasema, amekasirika kidogo. Nikamwambia tuliwauliza waliokuja. Akanitazama, kisha akasimama akauliza. Sasa tunakutana Jumapili baada ya ibada.

Mwezi ulikuwa haujaisha Phelista akapiga simu. Alikuwa analia, nikaogopa. "Mama, wamemchukua. Atazunguka Ndalu na huku kwetu, na kila jioni atarudi nyumbani."

Niliketi chini pale uani. Nilisema asante, nikasema asante tena.

Ibada iliyofuata nilisimama kutoa ushuhuda. Mambo ya mtihani sikuyaeleza, yangekuwa marefu. Nilisema mkwe wangu amepata kazi karibu, na binti yangu hatalea mtoto peke yake. Nikataja wema wa Mungu kwa nyumba yangu tangu mume wangu alale, na sauti ikanikatika. Mwihaki alikuwa ameketi benchi ya mbele. Ndiye aliyeanza kuimba, ili nipate kukaa.